Msiisingizie Vali

Naona waliokaa mbele wanacheka, wanajua ninakokwenda. Basi nalirudia neno langu: amplifaya ikisumbua, msikimbilie kuisingizia vali, ile chupa ya kioo inayokuza sauti. Juzi nimeletewa amplifaya ya vali nne za EL34, aina ya vali zinazosukuma spika. Mwenyewe kanunua vali mpya mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na bado moja inaiva nyekundu kama kaa. Kosa la vali? Kapasita! Ile ndogo inayopitisha sauti kutoka vali ya mbele kwenda gridi ya EL34, ule wavu wa ndani unaodhibiti mkondo, ilikuwa inavujisha umeme. Volti za juu zikapenya, gridi ikapoteza chaji yake hasi, mkondo ukapita bila breki. Angeweka ya tatu, nayo angeizika.

Na vali si dhaifu kama mnavyodhani. Mwaka 1943 Tommy Flowers, mhandisi wa simu wa Posta ya Uingereza, alitaka kuwajengea watu wa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja misimbo wakati wa vita, mashine ya kusaidia kufumbua siri za Wajerumani, yenye vali zaidi ya elfu. Hawakuamini. Redio ya vali tano tu kila siku iko kwa fundi, seuze elfu! Lakini Flowers alikuwa ameziishi vali kwenye mitambo ya simu. Kule zilidumu, maana hakuna aliyezizima. Kinachozimaliza zaidi ni washa-zima: nyuzi zinapata moto, zinapoa, zinapata moto tena. Akaijenga Dollis Hill, kwenye maabara ya Posta jijini London, na Januari 1944 mashine hiyo, Colossus, ikafika Bletchley na vali kama 1,600. Ikapiga kazi.

Mkono ule nauona. Hapana, kaka, sijasema uiache amplifaya yako ikiwaka usiku kucha! EL34 moja inakula karibu wati tisa na nusu kwa kupasha moto peke yake, nne ni wati 38, hata wimbo hujaweka. Na umri wake ni saa elfu chache. Saa mbili kila jioni, utakaa nayo miaka. Washa, sikiliza, ukimaliza zima. Ila hii ya kuzima ukanywe chai, dakika tano umerudi unawasha, ndiyo mnayowaletea mafundi riziki.

"Transista, kale kadude kalichochukua nafasi ya vali, haina makuu hayo." Haina, kweli. Wala sikuja kugombana na transista.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbiombio. Usiiwashe amplifaya bila spika: transfoma ya kutokea, ile inayopeleka sauti kwenye spika, ikiungua, utatamani ingekufa vali. Kile kitambaa cha kufuma mlichoifunika nacho, kitoeni, inataka hewa. Umeme wa kwenu ukipanda na kushuka, tafuta stabilaiza. Kapasita kubwa zinaweza kubaki na volti 400 hata plagi ikiwa mkononi mwako, kwa hiyo asiyejua kuziondoa chaji asifungue. Bayasi, yaani kuipimia gridi volti yake hasi, nilikuja na mchoro wake kabisa, basi, siku nyingine.

Nani aliuliza habari ya soketi za vali zilizolegea? Umekuja na amplifaya yako? Ilete hapa mezani.