Pimeni Kwenye Kilula cha Mwisho
(Mhadhara kwa kamati za maji za vijiji, Iringa)

Kamwene, ndugu zangu.

Sisi wa nyanda za juu tunaponzwa na uzuri wa maji yetu. Yanatoka mlimani, ya baridi, maangavu, yanashuka kwa mserereko hadi kijijini bila pampu wala dizeli. Basi tunayaamini. Mwenzetu wa Arusha meno ya watoto yaliyobadilika rangi yanamwambia kuna madini ya floridi. Sisi macho hayatuambii kitu. E. koli, bakteria anayetoka kwenye utumbo wa watu na mifugo, haonekani hata kwenye glasi inayong'aa. Shirika la Afya Duniani linataka asipatikane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Anaingilia wapi? Juu kwenye kidakio, pale maji yanapokingwa kuingia bombani, mnapajua: vinyungu, bustani zetu za mabondeni, vimesogea hadi ukingoni, ng'ombe wananyweshwa hapo hapo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kila mwenye kinyungu anaijua sheria hiyo siku ya mkutano tu. Mbolea ya viazi nayo huacha kemikali ya nitrati majini. Ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Kuchemsha hakuiondoi, wala klorini, dawa ya kuua vijidudu, haiigusi. Dawa yake ni kulinda chanzo.

Lakini mahali tunapopasahau ni bombani. Mnafunga maji usiku ili tenki lijae. Bomba linabaki tupu, msukumo unaisha, na pale palipopasuka, pale fundi alipofunga mpira wa baiskeli mwaka juzi akasema atarudi, maji ya dimbwi yanafyonzwa kuingia ndani. Asubuhi mkifungua, anayekinga wa kwanza ndiye anayeyanywa. Kwa hiyo cheti cha maabara cha sampuli iliyochukuliwa kwenye chanzo hakiwaambii lolote juu ya kilula, bomba la kuchotea, kilichoko bondeni.

Sasa hesabu, andikeni. Tenki la mita za ujazo 50 ni lita 50,000. Mkitaka miligramu 1.5 za klorini kwa lita, mnahitaji gramu 75 za klorini yenyewe. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70 utapimwa gramu 107. Ndoo ya unga iliyoachwa wazi stoo hupoteza nguvu, na gramu hizo hazitatosha. Koroga pembeni kwanza, acha tope lake litue, mimina maji ya juu, kisha subirini dakika 30 kabla ya kufungua.

Halafu nendeni kilula cha mwisho kabisa na kidonge cha DPD, cha kupimia klorini. Maji yakigeuka ya waridi, klorini imefika. Isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Ikiwa kwenye tenki mmepata 0.5 na mwisho sifuri, kuna kitu njiani kinaila. Pandeni kilula kwa kilula mkipima. Mahali rangi inaporudi, tatizo liko chini yake kidogo. Chimbeni hapo.

Mvua za kwanza ni habari nyingine. Tope likipita NTU 5, yaani kipimo cha uchafu unaotia maji ukungu, klorini inaliwa na tope na vijidudu vinajificha humo. Fungeni kidakio, acheni mafuriko ya kwanza yapite, na bomba la kutolea tope lifunguliwe. Watu watalalamika kwa siku moja; kuhara kunachukua siku nyingi zaidi.

Mama mmoja ameuliza kuhusu harufu ya dawa, kwamba wanawake wanarudi kuchota mtoni. Ni swali la haki, mama. Harufu kali mara nyingi maana yake unga wote umemwagwa kwa mkupuo, na vilula vya karibu na tenki ndivyo vinavyoumia. Wekeni pipa dogo la kudondoshea, dozi iingie polepole maji yanapojaza tenki. Na daftari la vipimo akae nalo fundi wa bomba, siyo mwenyekiti, maana fundi ndiye anayefika kule bondeni.