Namba ya Bluetooth na Kazi ya Fimwea: Mhadhara kwa Mafundi wa Simu na Laptopu, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa, na wengine wote hamjambo. Nawashukuru mafundi wa Mtaa wa Aggrey na Msimbazi mliofunga meza mapema mkaja kukaa hapa na vijana wa vyuo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu matoleo ya Bluetooth na Wi-Fi, na kuhusu kusasisha fimwea. Naanza na jambo linaloniuma. Kuna wateja hapa mjini wanatozwa pesa ili laptopu zao "zipandishwe" kutoka Bluetooth 4.2 hadi 5.0 kwa programu. Mteja anaonyeshwa draiva mpya yenye tarehe ya juzi, analipa, anaondoka na redio ileile aliyokuja nayo. Mafundi wengine wanafanya hivyo kwa kutojua, na ndio nimekuja kuzungumza nao.

Fimwea ni programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe na kukiambia namna ya kufanya kazi. Draiva inakaa upande wa Windows au Android na kuzungumza na hiyo fimwea. Zote mbili zinaweza kubadilishwa. Kisichobadilika ni saketi ya redio: namna inavyorusha na kupokea mawimbi. Bluetooth 5.0 ilipotangazwa Desemba 2016, makubwa yake mawili yalikuwa kwenye mawimbi hayohayo. La kwanza ni mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde kwa ule upande wa Bluetooth unaotumia umeme kidogo, unaoitwa LE. La pili ni usimbaji wa kufikisha mawasiliano mbali zaidi, hadi mara nne. Chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya 4.2 haikupewa saketi ya kazi hizo, na faili la kupakua haliwezi kuitengeneza.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Hayo mawili niliyoyataja ni ya hiari hata ndani ya 5.0. Kiwanda kinaweza kuandika 5.0 kwenye boksi bila kuweka ule uwezo wa kufika mbali. Kwa hiyo mteja anayekuuliza namba, msaidie aulize swali bora: kifaa hiki kinafanya nini, na kile ninachotaka kukiunganisha nacho kinafanya nini?

Wengi wanaitaka 5.0 kwa sababu ya muziki. Tulieni hapa kidogo. Muziki unaosikiliza kwenye hedifoni nyingi zilizoko sokoni hauendi kwa ule upande wa umeme kidogo ulioongezewa mwendo. Unapita upande wa zamani, Bluetooth ya kawaida, ambayo mwendo wake wa juu wa megabiti 3 ulikuja na toleo la 2.0 mwaka 2004. Simu ya 4.2 na simu ya 5.0, zikitumia kodeki moja (yaani namna ya kubana sauti kabla ya kurushwa na kuifungua ikipokelewa) na spika moja, zitakupa sauti ya kiwango kilekile. Kinachobadilisha sauti ni kodeki: SBC ambayo wote wanayo, kisha AAC, aptX, LDAC na nyinginezo. Kodeki lazima iwepo pande zote mbili. Ukinunua hedifoni zenye LDAC na laptopu yako haina LDAC, utasikiliza kwa kodeki nyingine ambayo zote mbili zinayo, mara nyingi SBC, na pesa ya ziada imekwenda. Njia mpya ya sauti, LE Audio yenye kodeki ya LC3, ilijengwa juu ya toleo la 5.2, na Android ikaanza kuipokea kwenye toleo la 13 mwaka 2022. Hapo namba ina maana. Hata hivyo, bado lazima simu na hedifoni zote ziwe nayo.

Dada mmoja anayefundisha wanafunzi kwa mtandao aliniletea laptopu akisema Bluetooth imechoka. Akisikiliza nyimbo, sauti safi; akiingia darasani, sauti inakuwa kama ya redio ya mkulima betri zikikaribia kuisha. Alishaambiwa anunue laptopu nyingine. Chanzo chake ni hiki: maikrofoni ya hedifoni inapowashwa, laptopu inaacha ile njia ya muziki na kuhamia njia ya simu, ambayo inabeba sauti kwenda na kurudi kwa ubora mdogo. Tulichagua maikrofoni ya laptopu yenyewe kwenye mipangilio ya kikao, hedifoni zikabaki kusikiliza tu, na kazi ikaisha. Hakuna draiva iliyoguswa. Mafundi, tatizo hili litakuja mezani kwenu kila wiki, lijueni.

Kuna lingine linalofanana nalo. Bluetooth inatumia bendi ya 2.4 GHz. Mwaka 2012 Intel walichapisha maelezo kwamba vifaa na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele ya mawimbi kwenye bendi hiyohiyo. Ukichomeka kile kijiti kidogo cha Bluetooth jirani kabisa na diski ya USB 3.0, kipanya kitaanza kugugumia na hedifoni zitakatakata. Tumia waya mfupi wa kurefusha, kitoe kijiti pembeni. Fanya hivyo kabla hujasema fimwea ni mbovu.

Kwa Wi-Fi nitasema machache. Mteja analalamika simu yake haioni mtandao wa nyumbani ulioandikwa 5G mwishoni. Huo ni mtandao wa bendi ya 5 GHz, hauhusiani na 5G ya laini ya simu, na simu yenye redio ya 2.4 GHz peke yake haitauona hata uisasishe usiku kucha. Mwelekeze kwenye jina lile jingine la rauta yake. Na rauta ikiwa imewekwa WPA3 pekee, yaani ulinzi mpya wa Wi-Fi, simu ya zamani itakataliwa. Iwekeni kwenye hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Sasa msije mkaelewa kwamba nasema kusasisha hakuna faida. Hili ndilo nililolijia. Mwaka 2019 watafiti walionyesha udhaifu uliopewa jina la KNOB. Haukuwa kosa la kiwanda kimoja. Ulikuwa ndani ya kanuni za Bluetooth ya kawaida zenyewe. Mvamizi aliye karibu angeweza kuvifanya vifaa viwili vikubaliane ufunguo wa siri wenye nguvu ya baiti 1 tu, ufunguo ambao kompyuta inaukisia papo hapo. Toleo la 5.1, lililokuwa jipya kabisa wakati huo, nalo lilikuwa na udhaifu huo. Tiba ikawa masasisho ya fimwea na ya mifumo endeshi, yanayokataa ufunguo wa chini ya baiti 7. Laptopu ya 4.2 iliyosasishwa ikawa salama kuliko ya 5.1 iliyoachwa, na namba kwenye boksi haikubadilika hata nukta.

Wi-Fi nayo, Oktoba 2017, mtafiti Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alitangaza KRACK, udhaifu katika WPA2, ulinzi wa Wi-Fi uliotangulia WPA3. Watu wakakimbilia kubadilisha nenosiri la rauta, jambo ambalo halikusaidia chochote, maana tiba kubwa ilikuwa kusasisha simu na laptopu zenyewe. Mteja wenu anafanya miamala yote kwenye simu hiyo. Ada ya shule, kodi ya nyumba, mauzo ya duka, vyote vimo humo. Anaposema "usiniwekee apdeti, inakula bando," mkalishe chini umweleze, au muunganishe na Wi-Fi ya dukani kwako aipakue hapo.

Katika kusasisha, ogopeni umeme na ogopeni faili. Rauta haina betri, na umeme ukikatika katikati ya kuandika fimwea inaweza isiwake tena. Ichomekeni kwanza kwenye UPS, kifaa chenye betri ya kushika umeme ukikatika. Laptopu iwe na chaji na iwe kwenye chaja. Simu nyingi za Android zina nafuu, kwa sababu tangu Android 7.0 ya mwaka 2016 kuna mpangilio wa sehemu mbili: sasisho linaandikwa upande usiotumika, na likishindikana simu inarudi upande wa zamani. Lakini ukiiflashi, yaani ukiiandikia fimwea upya kwa kompyuta, umeuacha ulinzi huo. Na msinakili data za redio kutoka simu nyingine, hata kama modeli ni moja. Kila simu ina vipimo vyake vya redio na IMEI yake, namba ya kuitambulisha. Juni 2016 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizifungia simu bandia nchi nzima, na tangu hapo kila fundi anajua uzito wa namba inayotoka ukibonyeza *#06#.

Swali la kijana wa pale nyuma: je, hakuna kabisa kadi inayopanda toleo kwa programu? Zipo chache. Intel AX200, kadi ya Wi-Fi na Bluetooth ya laptopu, iliingia sokoni 2019, na leo Intel wanaiorodhesha kuwa ya 5.2, toleo ambalo halikuwa limetangazwa kadi ilipotoka. Saketi ilikuwa na uwezo wa kutosha, na kiwanda chenyewe ndicho kilichoandika fimwea. Kuthibitisha, fungua Device Manager ya Windows, ingia kwenye sifa za redio ya Bluetooth, ukurasa wa Advanced, usome namba ya LMP, inayoonyesha toleo la Bluetooth la redio: 8 ni toleo la 4.2, 9 ni 5.0, 11 ni 5.2. Pima kabla na baada, mbele ya mteja.

Swali la mwisho, la mzee wangu hapa mbele: laptopu ya mtumba yenye 4.0, afanyeje? Mzee, kama kadi ni ya kuchomoa, badilisha kadi. Mafundi mtakaoifanya kazi hiyo, fungueni kwanza mwone kama imelehemiwa kwenye bodi. Zile za M.2, yaani za kuchomeka kwenye soketi ndogo ya bodi, zina milimita 22 kwa 30 na nyaya mbili nyembamba za antena ambazo hung'olewa kwa kuinuliwa wima, si kuvutwa. Angalieni sana namba: AX200 inakubali mashine nyingi, ila AX201, tofauti ya tarakimu moja, inafanya kazi tu na bodi za Intel zilizoandaliwa kwa ajili yake. Bluetooth ya AX200 inapita kwenye njia za USB za soketi hiyo. Ukipata Wi-Fi bila Bluetooth, tazama hapo kwanza. Na kama kadi imelehemiwa, mzee, kile kijiti cha USB kitakutosha. Zima tu Bluetooth ya zamani kwenye Device Manager kabla hujakichomeka, maana Windows haipendi kuendesha redio mbili za Bluetooth kwa wakati mmoja.