Maji ya bahari yanavyomeza FM: jaribio la madiaba mawili

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nina madiaba mawili makubwa, karedio ka betri (haka nauza Kariakoo, bei tutaongea) na kontena la chakula lenye mfuniko wa kukaza. Mfuko wa plastiki sahau, tuliuzika ulipopigwa marufuku Juni 2019.

Diaba hili maji ya bomba. Lile maji ya bahari, madumu kadhaa toka Coco Beach kwa bajaji. Dereva kaniuliza nimetumwa na mganga gani! Ila msitumie maji ya kisima badala ya bomba. Cha kwetu kina chumvi, siku ile redio ikakwaruza kote kote nikabaki nakuna kichwa.

Washa, tafuta stesheni. Mimi taarabu. Antena kunja, iingie yote. Funga. Kaza. Kaza tena! Redio yangu ya kwanza ilifia hapa, chumvi haina rafiki.

Maji ya bomba: zamisha. Mnasikia? Kama mtu kajifunika blanketi, lakini anaimba.

Sasa bahari. Shubiri moja ya maji toka kila ukingo, juu yake, na chini pia. Isiguse ukingo, narudia, isiguse. Shhhh… imekufa! Chumvi ikiyeyuka inaacha chembe zenye chaji. Wimbi la redio likiingia linazisukuma huku na huku, mkondo wa umeme unatokea, nishati ya wimbi inaishia kuwa kajoto. Kwenye megahezi 100 hivi, ndiyo masafa ya FM (mitetemo ya wimbi kwa sekunde), kila…

Ngoja. Mbona inaimba? Lete kamera huku, huku chini! Mnaona? Mkono umechoka, kontena limelalia ubavu wa diaba. Plastiki haizuii kitu, wimbi limepita hapo hapo. Katikati! Shhhh. Haya.

Nilikuwa nasema: kila sentimita 2.5 hivi, uwanja wa wimbi, yaani ukubwa wa mtetemo wake, unabaki asilimia 37 ya ulivyokuwa. Shubiri yangu ina sentimita 20, kwa hiyo umekatwa mara nane, haubaki hata sehemu moja ya elfu. Kwenye shaba ni balaa, asilimia hiyo hiyo unaifikia kwa maikromita 7 tu, sehemu saba za elfu za milimita. Masafa yakishuka ndiyo wimbi linazama: kilohezi 20, baharini, ni karibu mita 1.7 badala ya sentimita zile. Ndiyo maana majeshi ya majini huzipelekea nyambizi ujumbe kwa masafa ya chini namna hiyo.

Kutoa sasa. Futa mfuniko kabla ya kufungua, tone moja tu likidondokea spika… aah! Zima kamera, niletee kitambaa.