Kufufua Kanda ya TV Game Mpaka Kuichambua: Pengwini Wawili wa Binary Land

Mambo vipi wadau, karibuni mezani. Hiyo kelele ni jirani anachomelea geti. Nimemwomba anipe nusu saa, kasema sawa, na hiyo sawa yake mnaisikia wenyewe. Twende hivyo hivyo.

Leo tuna kanda. Hii hapa, ya njano, nimeitoa Kariakoo kwenye ndoo ya fundi, ilikuwa imelala na rimoti zilizokufa. Elfu tatu. Lebo nusu imeliwa na mende, nusu iliyobaki imeandikwa 9999999 in 1, na nyinyi mliokulia kwenye vibanda vya TV game mnajua kabisa milioni tisa hazimo humu. Zimo chache tu, zinajirudia. Moja inaanza steji ya kwanza, ile ile inarudi mbele na jina jingine inaanzia steji ya tano. Utoto wetu wote tumeshuka na mshale kwenye ile orodha tukiamini huko chini kabisa kuna kitu tumefichwa.

Nitawaonyesha ninavyoifanya kanda iwake, halafu ninavyoicheza mpaka niwe na la kusema kuhusu gemu moja ya humo. Vifaa vyote mnavyoviona mezani ninauza kama kifurushi, raba, spiriti na vijiti, lakini ukiwa navyo nyumbani usininunulie, tazama tu.

Kabla ya kanda, adapta. Sikia vizuri hapa. Adapta.

Mashine zetu hizi ni nakala za Famicom, ile mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Ndiyo maana kanda zake zina pini 60, na kanda ya NES, yaani Famicom ya Marekani, yenye pini 72 haingii humu hata uilazimishe. Famicom yenyewe inakula volti 10, na hasi iko katikati ya plagi. Vitu vingi nyumbani kwako vina chanya katikati. Nakala sasa, kila kiwanda kilijifanyia kivyake. Nyingi ni volti 9, lakini katikati ni hasi au chanya? Bahati nasibu. Plagi inaingia vizuri kabisa, inabana, haikwambii chochote.

Mimi niliichoma mashine ya kaka yangu hivyo. Nilikuwa na ile adapta ya kugeuza ncha, nikageuza, nikachomeka, nikawasha. Taa haikuwaka. Nikasema labda umeme mdogo, nikaizima nikaiwasha tena. Ukasikika mlio kama wa punje ya bisi, halafu harufu. Harufu ile ikishaingia kwenye pazia inakaa wiki. Nyumbani nilisema panya amekula waya. Kaka, kama unatazama, hapakuwa na panya.

Kwa hiyo chukua mita ya kupimia umeme, ile ya mafundi. Iweke kwenye volti 20 za DC. Waya mwekundu ndani ya tundu la plagi, mweusi ubavuni kwa nje. Sogea kamera... mnaona? Inasoma 12.6 na mbele kuna alama ya kutoa. Hiyo alama ya kutoa ndiyo inayosema katikati ni hasi. Na hiyo 12 isikutishe, adapta nzito za zamani zenye transfoma zinasoma juu kama hazina mzigo.

Sasa mashine yenyewe inataka nini? Igeuze, utaona mchoro mdogo wa duara na kitone. Kama mchoro umefutika, usikisie. Nimesema usikisie! Fungua skrubu, tafuta kidude cheusi cha miguu mitatu kimeandikwa 7805, kinachoshusha umeme kuwa volti 5. Mguu wake wa kati ni hasi. Weka mita kwenye alama ya kutoa mlio, ncha moja kwenye mguu huo, nyingine kwenye sindano ya katikati ya tundu la adapta. Ikilia, mashine inataka hasi katikati. Isipolia, jaribu ule ubavu wa tundu, ikilia hapo inataka chanya katikati. Dakika mbili tu, na huna haja ya kumsingizia panya.

Haya, kanda. Kufungua, bana pembeni hapa, inaachia. Ndani ni kibao kidogo na tone jeusi kama lami, gemu zote zimo chini ya hilo tone. Na hii safu ya dhahabu iliyofubaa ndiyo pini, 30 huku na 30 nyuma.

Kupuliza. Najua tulikuwa tunapuliza wote, mimi nilikuwa na pumzi inayoheshimika mtaa mzima. Kilichokuwa kinasaidia ni kule kuitoa na kuirudisha, pini zinakaa sawa. Mate yanabaki ndani yanafanya kutu. Acha.

Chukua raba nyeupe ya penseli. Siyo ile yenye upande wa bluu, upande wa bluu una mchanga, unakwangua. Na msasa ndiyo kabisa, usinitajie, tabaka la juu ni jembamba sana. Sugua kufuata urefu wa pini, kutoka ndani kwenda nje. Mnaona raba inavyogeuka kijivu? Nyuma pia. Halafu kijiti cha masikio na spiriti. Ya duka la dawa ya asilimia 70 inafaa, ila asilimia 30 iliyobaki humo ni maji, kwa hiyo iache ikauke robo saa nzima, usiwe na haraka ya...

Subirini. Jirani kakata umeme wa korido.

Haya, umerudi. Mnaona sasa kwa nini swichi ya mashine sijaigusa bado? Kanda inaingia mashine ikiwa imezimwa, lebo ikikutazama wewe. Sukuma sawasawa pande zote mbili, usiingize upande mmoja kwanza.

Waya wa njano kwenye njano, mweupe kwenye mweupe. Hilo hata mpwa wangu analijua, twende mbele.

TV ninayotumia ni ya chogo. Siyo ushamba. Picha ya mashine hii ni mistari 240, na TV bapa nyingi hudhani ni picha nyingine, zinaichakata, zinaipaka ukungu, na pedi unaibonyeza sasa hivi mtu anaruka baadaye kidogo. Na kama una bunduki ya gemu ya kupigia bata, kwenye TV bapa haitaona kitu, ile inahitaji mwanga wa chogo. Chogo zilijazana kwa mafundi baada ya matangazo ya TV ya analojia kuanza kuzimwa Dar mwisho wa 2012, mimi hii nilipewa bure na mzee mmoja kwa sharti niibebe mwenyewe. Ngazi nne. Mgongo bado unaikumbuka.

Adapta umeipima? Haya, washa.

Aaah! Imekubali. Mnaona menyu, ufukwe na ndege wanapita. Lakini hebu tazameni picha yangu kwenye video... kuna mstari mweusi unapanda. Hiyo siyo TV, ni simu. TV inachora picha mara 50 kwa sekunde, simu inapiga kwa kasi yake, hawapatani. Ingia kwenye kamera, sehemu ya kurekebisha kwa mkono, shata, ule muda wa kamera kufumbua jicho, weka 1/50. Naweka... hapo. Umekufa ule mstari. Kama mashine yako inatoa 60, weka 1/60. Video zangu tatu za mwanzo zote zina huo mstari, na watu walinivumilia, asanteni.

Tunashuka. Namba 12. Hapa wameandika jina lao wenyewe, na tukiingia, chini ya jina la gemu palitakiwa pawe na kampuni na mwaka. Pako tupu. Wanakili walikuwa wanafuta, na ndiyo maana tumecheza miaka yote bila kujua nani katengeneza nini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mchambuzi, kabla hujasema tamu au chungu, ni kumrudishia mwenyewe jina lake. Hii ni Binary Land ya Hudson Soft. Ilianzia kwenye kompyuta za nyumbani, kwenye Famicom ikaja 1985. Hudson ni wale wa Sapporo, Japani, wenye alama ya nyuki, ndio wa gemu ya Bomberman, na ndio waliotangulia kuitengenezea Famicom gemu wakiwa siyo Nintendo, mwaka 1984, na Nuts & Milk pamoja na Lode Runner. Mwaka 2012 walimezwa na kampuni ya Konami. Binary Land haikuuzwa Marekani enzi hizo, kwa hiyo kuna Mmarekani anayejiita bingwa wa NES ambaye hajawahi kuiona, na mtoto wa Magomeni kaimaliza mara kumi.

Sasa tazama. Pengwini wawili, wa bluu Gurin, wa pinki Malon. Ukuta katikati, kila mmoja na upande wake. Juu kabisa kuna kopa ndani ya kizimba, na lazima wafike wote kwa pamoja, mmoja huku na mmoja kule. Pedi ni moja. Nabonyeza juu, wanapanda wote. Nabonyeza kulia... mmoja anakwenda kulia, mwenzake anakwenda kushoto. Kama mume na mke waliopoteana Kariakoo, kila mmoja akisogea kumtafuta mwenzake ndiyo wanazidi kuachana.

Ujanja ni huu. Kuta za pande mbili hazifanani. Mmoja akigota ukutani, mwingine anaendelea. Kwa hiyo ukuta siyo adui, ukuta ndiyo breki yako. Namgotesha Gurin hapa makusudi, nabonyeza tena, yeye kasimama, Malon anasogea hatua mbili, wamelingana. Hapo ndipo gemu ilipoamka kichwani mwangu, na utotoni sikuwahi kuliona. Utotoni nilimtazama wa bluu tu, wa pinki nikamwachia Mungu.

Kuna buibui, unawapuliza dawa kwa kitufe. Utando wao ukimnasa mmoja, mwenzake aje ampulizie amfungue. Aje vipi wakati... ona, ona, nimenasa. Malon kanasa, Gurin inabidi azunguke, na muda unakwenda. Buibui huyo! Basi. Roho moja imekwenda kwa sababu ya kuwaeleza nyinyi.

Sasa daftari. Mimi nacheza saa moja nzima kabla sijaandika neno, na ninaandika tarehe, mashine niliyotumia na TV niliyotumia. Mashine naiandika kwa sababu hii: wakati Japani inachora picha 60 kwa sekunde, nakala zetu nyingi zilitengenezwa kwa TV za picha 50. Gemu inahesabu muda wake kwa picha. Kinachochukua sekunde 60 kule, hapa kinachukua 72. Siku nilipocheza Binary Land kwenye kompyuta kwa mwendo wa Japani nilidhani faili ni bovu, muziki unakimbizwa, buibui wamekunywa kahawa. Kumbe ndiyo ilivyotungwa. Mimi nimeizoea polepole, na nasema wazi, polepole naipenda zaidi, inanipa nafasi ya kuwatazama wote wawili. Ila ukiandika kwamba gemu ya Japani imepoa, hakikisha hujaipoza wewe.

Na kupepesa. Chip ya picha ya mashine hii haichori vipande vya vikaragosi zaidi ya 8 kwenye mstari mmoja wa picha. Vikizidi, vinapokezana kuonekana. Ukiona mtu anapepesa kwenye gemu yenye watu wengi, usirudi kusugua kanda. Mimi nilishasugua kanda nzima kwa ajili hiyo mpaka pini mbili zikang'oka, nikainunua nyingine, nayo ikapepesa.

Hukumu yangu kwa Binary Land: wazo ni la ajabu, mkono unaelewa kabla ya kichwa. Kasoro yake, mazingira hayabadiliki vya kutosha, baada ya steji kadhaa macho yanachoka na matofali yale yale. Sitoi nyota. Nitasema tu kwamba jana nilikaa nayo mpaka chai ikatengeneza ngozi, na nilikuwa nimepanga dakika ishirini.

Kabla sijazima, shukeni na mimi kwenye orodha. Hapa, hapa. Hii nayo imefutwa jina. Ndege mama anaruka, anadaka vipepeo, anawapelekea makinda kiotani mpaka wanakua wanaruka wenyewe. Mimi naijua. Wa kwanza kuandika jina lake na mwaka hapo chini nitamtumia raba na chupa ya spiriti, nauli ya basi juu yangu. Na mtakaoniuliza adapta gani mnunue, sijibu mpaka mniambie mita imesoma nini.