Mnara Uliojengwa Mawinguni

OKELLO: Karibuni tena. Dada Amina karudi juzi kutoka Cape Town, na tangu ashuke Entebbe hana habari nyingine ila mnara wa taa.

AMINA: Wacha niseme, kaka! Uko Cape Point, kusini mwa mji, ndani ya hifadhi. Ule wa zamani uliwashwa mwaka 1860, juu kabisa ya jabali, karibu mita 240 kutoka usawa wa bahari.

OKELLO: Si ndiyo vizuri? Meli zinauona kutoka mbali.

AMINA: Ndiyo hesabu waliyopiga. Lakini pale ukungu hukaa juu, huku chini kweupe. Nimesimama mlangoni pake asubuhi, sioni hata ukingo wa kushika. Nikateremka ngazi kidogo tu, bahari hii hapa. Sasa mfikirie nahodha, usiku! Na anga likiwa safi, taa ilionekana mbali mno. Meli zikaizoea, zikasogea karibu kuliko inavyofaa, zikaishia mwambani.

OKELLO: Na wakakaa nayo hivyo hivyo?

AMINA: Miaka hamsini na ushee. Hadi Aprili 1911, meli ya abiria ya Wareno, Lusitania, ikapanda mwamba wa Bellows, kusini kidogo ya hapo. Ndipo wakajenga mnara mwingine chini zaidi, mita 87. Ujenzi ulianza 1914. Huo ndio unaofanya kazi mpaka leo. Wa zamani ni wa kupigia picha.

OKELLO: (anacheka) Serikali ni serikali popote. Haya, wanyama.

AMINA: Mbuni wapo, pimbi wapo. Lakini nyani!

OKELLO: Nyani tunao hapa Uganda, barabarani Karuma, dada. Ukipunguza mwendo tu, wamekuzunguka.

AMINA: Wa Karuma wanaomba. Hawa wanafungua mlango wa gari. Dume moja lilikuja taratibu, likashika kitasa, mlango ukafunguka. Likatoa mfuko wa mikate kiti cha nyuma, likapanda juu ya boneti, likala. Mwenye gari kasimama pembeni na simu, hajui arekodi au alie.

OKELLO: Angalau kwetu wanapitia dirishani.

AMINA: Njiani kurudi tukapita ufukwe wa Boulders, kwa pengwini. Ndiyo, pengwini wa Afrika, wanalia kama punda! Ila hali yao mbaya: mwaka 2024 waliwekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Sababu mojawapo ni kwamba dagaa ambao pengwini huwategemea kwa chakula wanavuliwa pia na binadamu.

OKELLO: Mukene wao, basi, kama dagaa wetu wa ziwani.

AMINA: Si jamii moja, ila ugomvi ule ule. Mvuvi na ndege wote wanataka sahani moja.

OKELLO: Kuna msikilizaji wa Jinja anauliza avae nini akienda.

AMINA: Koti la upepo, hata Desemba. Na kofia aache hotelini, vinginevyo ataizawadia Atlantiki.