Kidonda cha Mguu wa Kisukari Hakiponi Kikikanyagwa

(Mhadhara kwa wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii)

Asalaam aleikum, habari za asubuhi, na wakubwa wangu shikamooni. Nimeombwa nizungumzie matibabu ya vidonda vya mguu na kifundo, hasa kwa mgonjwa wa kisukari, na naona wengi mmeshafungua madaftari mkisubiri orodha ya dawa. Orodha hiyo ni fupi, tutaimaliza kabla ya chai. Kitakachotuchukua muda ni mzigo, yaani kilo 70 au 80 za mtu zinazosimama juu ya kidonda kile kile tulichokisafisha asubuhi.

Kwanza tuelewane kidonda hiki kinatoka wapi. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na inayotangulia kuharibika ni ile mirefu kuliko yote, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni. Hilo mnalijua. Mnalosahau ni kwamba hata mishipa inayoendesha misuli midogo ya unyayo hudhoofika. Vidole vinajikunja, na uzito wote unaangukia vichwa vya mifupa vilivyo nyuma ya vidole. Mishipa ya jasho nayo inakufa, ngozi inakauka, kisigino kinapasuka. Pale mfupa unapogandamiza, ngozi inajihami kwa kuota sugu, na sugu ikishakuwa nene inafanya kazi ya kokoto ndani ya kiatu. Nyama ya chini inapondeka, damu inavilia, kidonda kinazaliwa humo ndani wakati juu pamefunikwa. Mgonjwa akikwambia kimeanza juzi, muandikie hiyo juzi, lakini wewe ujue kina wiki kadhaa.

Maarifa haya hatukuyapata kliniki ya kisukari. Tuliyapata kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914 na kufanya kazi miaka mingi huko huko, mji wa Vellore, alikuta watu wanaamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaoozesha vidole. Akafuatilia jeraha moja moja. Akaona mtu asiyesikia maumivu anashika sufuria la moto, anatembea juu ya msumari, anaendelea na safari zake. Walikuwapo walioamka asubuhi kidole kimepungua, na hakuna aliyejua kilikwenda wapi, mpaka ikabainika kuwa ni panya wa usiku. Wagonjwa wakagawiwa paka.

Naona mnacheka. Basi mjue kwamba mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika kwenye jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Ndiyo maana namuuliza mgonjwa wangu kama nyumbani kwake kuna panya, na kama analala na soksi au chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Siyo umbea.

Sasa mgonjwa ameingia. Mvue viatu vyote viwili, na soksi. Nasema viwili kwa sababu nimeona mara nyingi mguu unaouma ukikaguliwa vizuri na wa pili ukiachwa ndani ya raba. Angalia katikati ya vidole, maana wale wanaotawadha mara tano kwa siku na hawakaushi pale katikati hupata fangasi, na fangasi hufungua mlango. Kausheni, siyo kwamba msitawadhe.

Kupima ganzi kuna uzi wa nailoni wa gramu 10, yaani unaojipinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Usipokuwa nao, kidole chako kinatosha. Daktari Rayman na wenzake wa Ipswich, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba ukimgusa mtu kwa wepesi kwenye ncha za kidole gumba, cha tatu na cha mwisho, miguu yote miwili, akiwa amefumba macho, unapata jibu linalokaribiana sana na la uzi. Sehemu ni sita. Akikosa mbili au zaidi, miguu yake iko hatarini. Usimkandamize, usimpapase, gusa sekunde moja au mbili tu.

Kisha damu. Tafuta mapigo mahali pawili, juu ya unyayo na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Ukiyakosa, yote mengine nitakayosema yanasubiri. Wenye kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono, chini ya 0.9 ni dalili kwamba damu haifiki vizuri. Ila kwa mwenye kisukari mishipa inaweza kuwa migumu ikakupa namba nzuri ya uongo, kwa hiyo namba iliyozidi 1.3 isikufurahishe. Kidole kilichokauka na kuwa cheusi kwenye mguu usio na mapigo, usikikwangue na usikiloweke. Kiache kikavu, mpeleke mgonjwa kwa daktari wa mishipa ya damu.

Tuje chumba cha kufungia vidonda, ambako ndiko nyumbani kwangu. Chukueni mama muuza chapati, ana kitobo kama tundu la kifungo chini ya kidole gumba, na pembeni yake sugu ya rangi ya manjano. Nalowesha gozi kwa maji ya chumvi ya dripu mpaka ijiachie yenyewe, maana ukiivuta kavu unang'oa na nyama changa. Kisha nachukua kisu cha upasuaji na kuanza kukata sugu, vipande vyembamba, nikielekea kwenye kitobo. Yeye yuko kwenye simu anabishana na mtu kuhusu bei ya unga. Nakata, anabishana. Sugu ikiisha, kile kitobo kimekuwa jeraha la ukubwa wa shilingi, na kingo zake zimechimbika kwa ndani. Hatujakikuza. Ndivyo kilivyokuwa.

Hapo naingiza kijiti cha chuma kilichochemshwa, taratibu. Kikigonga kitu kigumu kama jiwe, huo ni mfupa, na kama kidonda kina maambukizi basi uwezekano ni mkubwa kwamba na mfupa umeingiwa. Huyo anahitaji picha ya eksirei na matibabu ya wiki nyingi, hawezi kurudi nyumbani na bandeji mpya na pole. Kisha napima kwa rula, urefu na upana, naandika daftarini. Msidharau rula. Eneo la kidonda lisipopungua angalau nusu kwa wiki nne, kuna kitu hatujakitendea haki: damu, maambukizi, au mzigo. Kuendelea wiki ya tano na yale yale ni kupoteza gozi.

Dawa za kuweka juu? Nani hapa hajawahi kukuta kidonda kimemwagiwa unga wa rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki? Hakuna mkono. Sawa. Unga ule unaganda, unafunika usaha, unatuzuia kuona, na dozi yake haifiki inakotakiwa. Spiriti na peroksaidi zinaua nyama changa pamoja na vijidudu. Maji safi ya chumvi, gozi inayotunza unyevunyevu bila kulowanisha ngozi ya pembeni, basi. Hivyo vifaa vya bei ghali vinavyouzwa kwenye makongamano vina mahali pake, lakini sijaona kilichoshinda kisu kizuri na mguu uliopumzika.

Vidonge vya kuua bakteria tunavitoa kidonda kikiwa na maambukizi: wekundu, uvimbe, joto, maumivu, usaha, mbili kati ya hizo au zaidi. Kidonda kisicho na dalili hizo hakihitaji antibiotiki, hata kama mgonjwa anaona hajatibiwa bila kupewa vidonge. Wekundu ukivuka sentimita mbili kutoka ukingoni, au kukiwa na jipu kwa ndani, mambo yamepanda ngazi. Na mwenye homa, mapigo yanayokimbia na mguu unaonuka, huyo hafungwi kidonda akaambiwa arudi Jumatatu. Ni rufaa, leo, na sindano ya kwanza apewe kabla gari halijaondoka. Ukitaka kuotesha vijidudu maabara, safisha kwanza kisha kata kipande cha nyama cha chini. Pamba ya kupangusa juu itakuletea orodha ya wapita njia.

Sasa mzigo. Yule mama wa chapati nimemfunga vizuri, ninamwambia, "Mama, usiukanyage." Anakubali. Anashuka kitandani, anaukanyaga mpaka mlangoni, mpaka kituo cha daladala, kesho yuko nyuma ya jiko tangu alfajiri. Simlaumu. Mguu haumuumi, na watoto wanakula. Mwenye maumivu angechechemea bila kufundishwa na mtu, huyu mlinzi wake ameshakufa.

Mpe kiatu maalumu cha kuvua na kuvaa, atakivaa akija kliniki. Siyo sisi tu. Huko Marekani waliwahi kuficha vipimo vya kuhesabu hatua ndani ya vifaa vya namna hiyo, wakakuta wagonjwa wamevivaa kwa chini ya theluthi moja ya hatua zao za siku. Nyumbani hawavai, kwa sababu nyumbani mtu anajiona amefika.

Ndiyo maana linakuja hogo, yaani plasta ngumu ya kufunga mguu. Daktari Brand alihamia Carville, jimbo la Louisiana, miaka ya 1960, na huko plasta ngumu iliyokuwa ikitumika kwa vidonda vya ukoma ikaja kuwafaa wa kisukari. Hogo hili linafuata umbo la mguu wote mpaka chini ya goti, pamba kidogo sana ndani, ili uzito ugawanyike unyayo mzima na mwingine ushikwe na muundi. Mtu anatembea, lakini pale penye kidonda panapumua. Na hawezi kulivua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwagawa wagonjwa makundi matatu kwa wiki 12: waliofungwa hogo walipona karibu 90 kati ya 100, wenye buti la kuvua 65, wenye kiatu cha nusu 58. Kidonda ni aina ile ile. Tofauti kubwa ni nani aliweza kuvua kifaa chake.

Masharti yake yasipuuzwe. Mguu wenye damu haba na maambukizi kwa pamoja, usifunge. Kidonda kinachotoa usaha wa kubadilishiwa kila siku, usifunge. La kwanza lifunguliwe baada ya siku mbili tatu, maana uvimbe ukishuka hogo linalegea na kuanza kuchubua; baada ya hapo wiki moja hadi mbili. Na afunge aliyefundishwa, kwa mkono wa fundi, maana hogo baya linatoa vidonda vipya vitatu. Pasipo na fundi huyo, tumieni felti nene iliyotobolewa penye kidonda ndani ya kiatu kipana, na magongo. Nimefanya kazi na fundi viatu mmoja wa sokoni anayechonga makobazi kwa tairi na soli laini ndani, ukimchorea mguu kwenye karatasi anakuletea kitu cha kuaminika. Kandambili hapana, kwa sababu ule mkanda wa katikati unachubua kidole na mtu hasikii.

Mradi wa mafunzo ulioanza hapa Tanzania na nchi za Asia Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa na sharti moja ninalolipenda: kila kituo kilete daktari na muuguzi wake, wafundishwe pamoja. Daktari peke yake akirudi na cheti, kisu kinabaki kabatini.

Kidogo kuhusu kifundo. Kidonda kilicho juu ya kifundo upande wa ndani, mguu umevimba jioni, ngozi imepiga weusi, mara nyingi ni mishipa inayorudisha damu iliyoshindwa kazi. Huyo anatibiwa kwa bandeji ya kubana kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, ukishahakikisha mapigo yapo. Kijana mwenye donda ndugu la kifundo lisiloelezeka, mpime selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Na mguu wa mwenye kisukari uliovimba, mwekundu, wa moto kuliko mwenzake, bila kidonda chochote, usikimbilie kusema ni jipu. Huenda mifupa inavunjika taratibu kwa ndani. Huo nao ni wa hogo, upesi, kabla unyayo haujabinuka.

Karibuni kwa maswali. Ndiyo, dada wa nyuma.

Asali? Asali iliyotayarishwa kitabibu inatumika na haina ubaya mkubwa, ila tafiti hazijatuonyesha kwamba inazishinda gozi za kawaida kwenye mguu wa kisukari. Ya sokoni imechanganywa na sukari guru, sitaiweka. Na ukiweka asali halafu mtu akatembea, umepaka asali kwenye kisigino cha mtu anayetembea.

Kaka. Kidonda kikishapona? Swali zuri, maana hapo ndipo tunapowaaga. Kati ya wagonjwa 100 waliopona, kwa 40 hivi kidonda kinarudi ndani ya mwaka mmoja. Mpe tarehe ya kurudi, sugu ikatwe, kiatu kikaguliwe kwa kuingiza mkono ndani.

Mzee wangu hapa mbele anauliza kuhusu anayekataa kukatwa kidole. Wengi wanachelewa kuja kwa sababu wamesikia hospitali inakata. Mimi siongei na mgonjwa peke yake, naomba aje na yule ambaye ukoo unamsikiliza, shangazi au mjomba, na wote wauone mguu bandeji ikiwa wazi. Nawaonyesha kwa kalamu juu ya ngozi: leo tunakata hapa, wiki ijayo huenda ni hapa, na nawaachia mstari wa kalamu pale wekundu ulipofikia. Wakiomba kwenda kushauriana nyumbani, wanaenda na karatasi ya rufaa mkononi na namba ya simu ya wodi. Wekundu ukivuka ule mstari wasisubiri kikao kiishe.