Sauti Ipo, Picha Haipo: Katuni za Sehemu Zilizopotea za Doctor Who

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo mimi na kaka Mathias tunazungumzia Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya kisayansi ya BBC kuhusu msafiri wa wakati aitwaye Doctor, iliyoanza kurushwa tarehe 23 Novemba 1963, na hasa ule upande wake ambao mtazamaji wa leo hawezi kuuona jinsi ulivyokuwa. Misimu sita ya kwanza, yote ikiwa katika picha nyeusi na nyeupe, ilikuwa na sehemu 253, na hata baada ya ugunduzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2013 zilibaki sehemu 97 ambazo picha zake hazikujulikana zilipo. BBC imeziuza nyingi kati ya hizo kwenye DVD na Blu-ray zikiwa zimechorwa upya kwa katuni. Sasa, kaka Mathias, mtu anayenunua diski kama hiyo ananunua kitu gani hasa?

MATHIAS: Ananunua sauti ya zamani iliyovishwa picha mpya, dada Zuhura, na ni vyema alijue hilo kabla hajatoa pesa yake. Sauti ni ileile ya waigizaji waliosimama studio mwaka 1966 au 1967, lakini kila kinachoonekana, kuanzia mkunjo wa uso hadi mahali mlango ulipo, kimeamuliwa na msanii wa karne hii. Kwa hiyo mimi huipima katuni kwa kigezo kimoja: je, inaitii sauti, au inaitumia sauti kama kisingizio cha kufanya mambo yake yenyewe?

ZUHURA: Tutakigombania kigezo hicho, maana mimi nakiona kigumu kupita kiasi. Lakini tuanze na chanzo. Wapo wasikilizaji watakaoshangaa kwamba shirika kubwa kama lile lilifuta kazi yake kwa mikono yake.

MATHIAS: Lilifuta kwa utaratibu kabisa, na karatasi zikasainiwa. Utepe wa video wa inchi 2 ulikuwa ghali, na uliweza kufutwa na kurekodiwa kipindi kingine. Mikataba na vyama vya waigizaji na wanamuziki iliweka ukomo wa marudio, hapakuwa na soko la kaseti za nyumbani, na BBC1 ilipoanza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1969, vipindi vya nyeusi na nyeupe vilionekana kama mzigo wa ghalani. Kabla ya kufuta, idara ya mauzo, BBC Enterprises, ilikuwa imetengeneza nakala za filamu ya milimita 16 kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini maalumu, na nakala hizo ndizo zilizouzwa ng'ambo. Haki za kuuza zilipokwisha, idara hiyo nayo ikatupa nakala zake, kila upande ukidhani kwamba upande mwingine unayo akiba. Zoezi hilo lilisimama mwaka 1978, BBC ilipompa Sue Malden jukumu la kuchagua vipindi vya kuhifadhiwa.

ZUHURA: Nakala za ng'ambo ndizo zinazotugusa sisi, kwa sababu Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizonunua visa vya mwanzo vya Doctor Who. Nakala moja ilisafiri kutoka kituo hadi kituo: mnunuzi akishaionyesha, ama aliirudisha London, ama aliiharibu, ama aliisafirisha kwa mnunuzi aliyefuata. Ndiyo maana sehemu hizi zimeibuka mahali pengi. Kisa kizima cha The Tomb of the Cybermen kilirudi kutoka Hong Kong na kutolewa kwenye kaseti ya VHS mwaka 1992, na Philip Morris, mtafutaji wa vipindi vilivyopotea, alikuta katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, sehemu 11 za visa viwili, The Enemy of the World na The Web of Fear, 9 kati yake zikiwa hazipo kwingine kokote.

MATHIAS: Pamoja na neema yote hiyo ya Jos, The Web of Fear ilirudi ikiwa na pengo la sehemu ya tatu, na ndiyo sehemu ambayo Nicholas Courtney anatokea kwa mara ya kwanza akiwa Kanali Lethbridge-Stewart, mhusika ambaye baadaye alikuja kuwa nguzo ya tamthilia nzima. Pengo hilo tutalirudia.

ZUHURA: Basi tueleze sauti ilisalimikaje, kwa sababu bila sauti hakuna katuni.

MATHIAS: Ilisalimishwa na vijana. Katika miaka ya sitini walikuwapo watazamaji waliokuwa na mashine za kurekodi sauti nyumbani, na kila Jumamosi jioni waliweka maikrofoni mbele ya spika ya televisheni, au wakaunganisha waya moja kwa moja na televisheni, wakarekodi. Wengine walirekodi kisa kilekile bila kujuana, na hiyo imekuwa bahati kubwa kwa mafundi wa leo kama Mark Ayres, kwa kuwa palipo na mkwaruzo au kikohozi cha mtu sebuleni katika rekodi moja, wanaweza kuchukua sekunde hizo kutoka katika rekodi nyingine. Matokeo yake ni kwamba hakuna hata sehemu moja ya Doctor Who iliyopotea sauti yake.

ZUHURA: Na upande wa picha yupo John Cura, ambaye mimi namheshimu sana. Kazi yake ilikuwa kuipiga picha televisheni yenyewe wakati kipindi kikiwa hewani, kama picha 60 au 70 kwa kila sehemu, kisha akawauzia watayarishaji na waelekezaji, ambao hawakuwa na njia nyingine ya kubaki na kumbukumbu ya kazi yao. Mashabiki walizipanga picha hizo juu ya sauti zikawa kama maonyesho ya slaidi, wakaongeza maandishi ya kueleza matendo. Kikundi cha Loose Cannon kilisambaza kazi za namna hiyo bila faida: unawatumia kaseti tupu, wanakurudishia ikiwa na kisa. Mashabiki wengi walikutana na visa hivi kwa njia hiyo miaka mingi kabla ya katuni ya kwanza.

MATHIAS: Katuni ya kwanza ilitoka Novemba 2006, pale studio ya Cosgrove Hall ya Manchester ilipochora sehemu ya 1 na ya 4 za The Invasion, kisa chenye sehemu nane ambacho sita kati yake zipo. Waliichora kwa nyeusi na nyeupe yenye vivuli vizito, na kwa kuwa walikuwa wakiziba mapengo mawili tu, ilibidi sura na mavazi vilingane na sehemu zinazofuata. Nidhamu hiyo ilikuja kulegea baadaye.

ZUHURA: Haikulegea, ilibadilika kwa sababu kazi yenyewe ilibadilika. The Power of the Daleks haina sehemu hata moja iliyosalia kati ya sita. Ilirushwa kuanzia tarehe 5 Novemba 1966, ndiyo kisa cha kwanza cha Patrick Troughton akiigiza Doctor baada ya kumrithi William Hartnell, na katuni yake, iliyoelekezwa na Charles Norton, ilitolewa tarehe 5 Novemba 2016, nusu karne kamili baadaye. Hapo huna sehemu ya jirani ya kulinganisha nayo.

MATHIAS: Una picha za Cura na vipande vifupi vya filamu, na vinatosha kuzua swali gumu. Katika kisa hicho Dalek, maadui wa Doctor waliomo ndani ya magamba ya chuma, wanatengenezwa kwa siri kiwandani hadi wanakuwa jeshi, lakini mwaka 1966 studio ilikuwa na Dalek wanne tu, kwa hiyo nyuma yao palisimamishwa picha kubwa za karatasi ili waonekane wengi. Ukitazama picha za Cura kwa makini, unaona walio nyuma ni bapa. Mchoraji wa katuni anaweza kuchora Dalek wangapi apendavyo. Je, achore lile jeshi lililokusudiwa na mwandishi, au achore makaratasi yaliyoonekana hewani?

ZUHURA: Achore jeshi! Mtoto aliyekuwa akitazama kwenye televisheni ndogo yenye picha ya ukungu mwaka 1966 aliona jeshi, hakuona karatasi.

MATHIAS: Hapo nakubaliana nawe, kwa kuwa sauti ya Dalek wengi wakikariri kwa pamoja imo kwenye rekodi, na mchoro wa jeshi unaitii sauti hiyo. The Macra Terror ya mwaka 2019 ndiyo inayonisumbua. Kaa mkubwa wa studio mwaka 1967 alikuwa mmoja tu, mzito, asiyeweza kusogea kwa urahisi. Katika katuni kaa ni wengi na wepesi. Isitoshe, baadhi ya mazungumzo ya mwanzo yalipunguzwa. Kuchora kaa wa ziada nitavumilia, lakini ukiikata sauti, ambayo ndiyo kitu pekee cha asili ulichonacho mkononi, umekata mzizi.

ZUHURA: Kwenye kukatwa kwa sauti sina utetezi, labda niseme kwamba kila dakika inayochorwa ina gharama yake na bajeti za kazi hizi ni ndogo. Ndiyo sababu wahusika wengi huonekana kuanzia kiunoni kwenda juu: mdomo unaosema ni rahisi kuuchora kuliko miguu inayotembea. Lakini nataka twende kwenye Fury from the Deep ya mwaka 1968, kwa sababu hapo tunayo njia ya kuikagua katuni. Kisa chote cha sehemu sita kimepotea, isipokuwa vipande vichache, na baadhi ya vipande hivyo vimesalia kwa sababu wadhibiti wa Australia waliona vinatisha mno wakavikata kabla ya matangazo. Waliyoyakata wakayahifadhi kwenye faili, yakapatikana mwaka 1996.

MATHIAS: Na walichagua vizuri! Eneo la Bwana Oak na Bwana Quill ni miongoni mwa maeneo ya kutisha kuliko yote katika kipindi hicho. Mafundi wawili, mmoja mnene mwenye maneno mengi, mwingine mrefu asiyesema kitu, wanaingia chumbani kwa mwanamke, wanamgeukia, wanafungua midomo kupita kiasi huku macho yao yakiwa hayapepesi, na kutoka vinywani mwao inatoka hewa ya sumu hadi anaanguka. Kinachotisha katika filamu ni kwamba nyuso zao hazitikisiki, lakini bado ni nyuso za watu. Katika katuni ya 2020 uso usiotikisika hauna ajabu yoyote, kwa kuwa kila uso kwenye katuni ile una utulivu wa namna hiyo.

ZUHURA: Hilo ni kweli, na nililiona mara tu nilipoweka kipande cha filamu kando ya mchoro. Ila sehemu nyingine zote za kisa hicho, mabomba yanayodunda, povu linalojaa, mwani unaosonga mbele, zinafanya kazi vizuri kwa katuni. Sioni kwa nini eneo moja lishinde kisa kizima.

MATHIAS: Sasa turudi kwenye lile pengo la The Web of Fear. Sehemu ya tatu ilikuwa imezibwa kwa picha za Cura, na kwa toleo la 2021 ikachorwa kwa pande tatu (3D) kwenye kompyuta, kwa kunasa miondoko ya waigizaji wa leo. Unatoka kwenye sehemu ya pili, ambapo waigizaji wenyewe wanaonekana kwenye mahandaki yenye giza, unaingia kwenye vikaragosi vya kompyuta vinavyoyumba, kisha unarudi kwa waigizaji wenyewe. Mashabiki waliilalamikia sana, na mimi nilikuwa pamoja nao.

ZUHURA: Ile hata mimi siitetei. Lakini naitetea The Celestial Toymaker ya mwaka 2024, ambayo pia ni ya pande tatu, kwa sababu hapo mbinu inaendana na kisa: ulimwengu wa michezo na wanasesere, mahali ambapo hakuna kinachopaswa kuonekana cha kawaida. Zaidi ya hayo, mwaka 1966 Hartnell alikuwa likizo kwa sehemu ya kisa hicho, kwa hiyo waandishi wakamfanya Doctor asionekane na asisikike, ukabaki mkono wake tu. Ni zawadi kwa mchoraji.

MATHIAS: Ni zawadi kwa mhasibu, dada yangu.

ZUHURA: Haya, cheka. Niambie basi kuhusu The Massacre ya mwaka 1966, kisa cha mauaji ya Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, mjini Paris mwaka 1572. Hakina kipande cha filamu, na picha za Cura hazipo kwa sababu za kipindi kile hazikununuliwa. Kichorwe au kisichorwe?

MATHIAS: Kisichorwe kwa sasa. Hartnell anaigiza watu wawili humo, Doctor na Abate wa Amboise, na hatujui alivyosimama, alivyotembea, wala alivyomtofautisha mmoja na mwingine kwa macho. Mchoraji atalazimika kubuni uigizaji mzima wa mtu aliyefariki mwaka 1975, kisha uuzwe kwa jina lake.

ZUHURA: Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire walipoigiza upya Mission to the Unknown na kuitoa mtandaoni tarehe 9 Oktoba 2019, walibuni pia, na hukulalamika.

MATHIAS: Kwa sababu walituonyesha nyuso zao wenyewe na sauti zao wenyewe, hawakudai kwamba ni za 1965. Mtazamaji hawezi kudanganyika hata akitaka.

ZUHURA: Hapo umenipata kidogo, ingawa The Massacre bado nataka ichorwe, mradi diski iwe na sauti tupu kama chaguo, jinsi matoleo mengi ya karibuni yanavyokuwa na katuni ya rangi, katuni ya nyeusi na nyeupe, na ule mpangilio wa picha za Cura pale picha zenyewe zilipo. Kwa msikilizaji anayetaka kuanza, mimi ningempa The Power of the Daleks.

MATHIAS: Na aitazame kwa nyeusi na nyeupe. Neno moja la kivitendo kwa walioko Afrika Mashariki wanaoagiza kutoka Uingereza: DVD hugawanywa kwa kanda, yaani maeneo ya mauzo; za kule ni za kanda namba 2 na sisi tumewekwa kanda namba 5, kwa hiyo mashine iliyofungwa kwa kanda yetu itazikataa, lakini kwa Blu-ray, Uingereza na sisi tuko kanda moja, B. Kama una nafasi ya kuchagua, agiza Blu-ray.